Klasi yoyote, deraya yoyote: kuchagua mavazi ya vita katika The Elder Scrolls Online

Katika mchezo wa mtandaoni World of Warcraft, Mage, yaani mchawi, huvaa kitambaa tu. Hata akiokota deraya ya chuma iliyo bora kuliko zote alizowahi kuziona, ataiuza au atamwachia mwingine. Guild Wars 2 nayo imeshagawa: Warrior ni chuma, Thief ni ngozi, Necromancer ni kitambaa, na hapo hakuna mjadala. The Elder Scrolls Online, iliyotoka Aprili 2014 kwenye kompyuta, haikuupokea mgawanyo huo. Klasi zake zote saba, yaani aina za wahusika Dragonknight, Sorcerer, Nightblade, Templar, Warden, Necromancer na Arcanist, zinaruhusiwa kuvaa deraya nyepesi (kitambaa), ya kati (ngozi) au nzito (chuma), na kuzichanganya mwilini kipande kwa kipande.

Uhuru huo unapendeza, lakini ndio unaowayumbisha wageni wengi. Katika kundi letu tumo wachezaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na swali linalorudi kila wiki ni hili: "Wakuu, mimi ni Sorcerer, nivae nini?" Mimi huwa najibu kwa maswali matatu. Kundini unafanya kazi gani? Ukifa, unauawa na nini? Na katika mapigano, nini kinakuishia mapema: uhai, Magicka (nguvu ya uchawi) au Stamina (nguvu ya mwili)? Ukiyajibu hayo, deraya yako umeshaijua nusu. Jina la klasi linakuja baadaye sana.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaunda mhusika na anataka kujivisha kwa akili badala ya kunakili orodha ya mtu mwingine. Majina ya uwezo na seti nimeyaacha kama yalivyoandikwa ndani ya mchezo ili uyapate kwenye skrini yako.

Hatua ya 1: Jua kila uzito unakupa nini

Mwili una nafasi saba za deraya: kofia, mabega, kifua, glavu, mkanda, suruali na viatu. Kila kipande unachovaa huchangia uwezo wa kudumu wa uzito wake, mradi umeshaufungua kwa pointi za ujuzi. Mambo huhesabiwa kwa kipande, kwa hiyo jizoeze kuwaza hivyo.

Deraya nyepesi hukupa nguvu ya kupenya ulinzi wa adui: 939 kwa kila kipande, kupitia uwezo uitwao Concentration. Inaongeza pia nafasi ya kupata kritiko, yaani pigo la bahati lenye makali zaidi. Uwezo wake mwingine, Evocation, hupunguza gharama ya Magicka kwa asilimia 2 na kuongeza kasi ya Magicka kurudi kwa asilimia 4, vyote kwa kila kipande. Kasoro yake inajulikana: mapigo ya silaha yanakuumiza zaidi.

Deraya ya kati ni ya anayetaka kuumiza na kukimbia. Agility huongeza nguvu ya silaha na ya uchawi kwa asilimia 2 kwa kipande, Dexterity huongeza ukali wa kritiko kwa asilimia 2 kwa kipande, na Wind Walker hufanya kwa Stamina kile ambacho Evocation hufanya kwa Magicka. Kujiviringisha kukwepa pigo kunakuwa rahisi, na mbio zinakuwa nyepesi.

Deraya nzito huongeza ukinzani, na kwa Juggernaut huongeza uhai wako kwa asilimia 2 kwa kipande. Kitu ambacho wengi hawakioni ni Constitution: ukipigwa, inakurudishia Magicka na Stamina kidogo. Ndiyo maana tenki, yule anayepokea mapigo kwa niaba ya kundi, akipigwa mfululizo haishiwi nguvu, ilhali rafiki yake aliyevaa kitambaa akijaribu kukinga kwa sekunde kumi tu, amekauka. Hasara ni kwamba kujiviringisha kunakula Stamina zaidi, na madhara unayotoa yanapungua kidogo kwa kila kipande.

Sasa, zamani kulikuwa na kanuni fupi: mtumia Magicka avae nyepesi, mtumia Stamina avae ya kati. Utaikuta bado imeandikwa kila mahali. Machi 2022 wasanifu walibadili hesabu, na ujuzi mwingi ukaanza kutumia kiwango chako kilicho kikubwa zaidi, kiwe cha silaha au cha uchawi. Tangu hapo Sorcerer mwenye fimbo ya umeme aliyevaa ngozi si kituko tena. Ukisoma ushauri wowote kuhusu deraya, tazama kwanza umeandikwa lini. Wa kabla ya mabadiliko hayo usiufuate.

Hatua ya 2: Unapopanda ngazi, changanya

Kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 50, usihangaike na seti za maana, yaani vipande vya jina moja vinavyokupa faida ukivivaa pamoja. Kila ngazi unayopanda, gia uliyovaa (deraya na silaha) inapungua thamani, na ukifika 50 kuna ngazi nyingine za Champion. Gia hukoma kukua kwenye Champion 160. Dhahabu na malighafi utakazotumia kabla ya hapo zinapotea. Nimeona watu wakiboresha deraya ya ngazi ya 20 hadi rangi ya dhahabu (ubora wa juu kabisa), na kesho yake wanaivua. Roho iliniuma kwa niaba yao.

Kitu cha kujenga katika kipindi hiki ni ujuzi wa deraya zenyewe. Kila uzito una mstari wake wa ujuzi unaokua hadi 50, na unakua kadiri unavyovaa vipande vyake wakati wa kupata uzoefu. Kwa hiyo vaa vitano vya uzito unaoutaka, na kimoja kimoja cha zile nyingine mbili. Ukisahau hilo utafika mwisho wa safari ukiwa na deraya ya kati iliyokomaa na nzito ambayo haijafunguka hata kidogo, na siku kundi linapohitaji tenki unabaki kuomba radhi.

Kama una fundi wa kukutengenezea, mwombe vipande vyenye sifa ya Training. Huongeza uzoefu unaopata kwa kuua maadui. Kitambaa na ngozi vyote hutengenezwa kwenye meza ya mshonaji, chuma hutengenezwa kwa mhunzi. Ukitaka kuwa fundi mwenyewe, anza utafiti wa sifa leo: wa kwanza unachukua saa 6, wa pili 12, wa tatu 24, na unaendelea kuongezeka mara mbili. Seti nzuri za kutengeneza kama Law of Julianos na Hunding's Rage zinadai ujue sifa 6 za kipande husika. Muda huo haununuliki kwa haraka ya siku moja, ni kuanza mapema tu.

Hatua ya 3: Panga 5-1-1 bila kuvunja seti

Hapa ndipo penye kazi, kaa nami.

Katika mchezo huu kuna kikundi cha wapiganaji kiitwacho Undaunted. Unajiunga nao kwenye ukumbi wao, unapanda ngazi kwao kwa kumaliza shimo za hatari (mapango ya maadui ambayo kundi huingia pamoja), na ngazi za juu zinakupa uwezo uitwao Undaunted Mettle. Unaongeza uhai, Magicka na Stamina kwa asilimia 2 kwa kila aina ya deraya uliyovaa. Ukivaa aina zote tatu unapata asilimia 6. Kwa mwenye uhai wa 20,000 hiyo ni kama 1,200, na unaipata pia kwenye Magicka na Stamina, bila kutoa chochote zaidi ya vipande viwili vya uzito tofauti. Ndiyo asili ya mpangilio wa 5-1-1: vitano vya uzito mkuu, kimoja cha pili, kimoja cha tatu.

Ugumu unakuja kwenye seti. Seti nyingi hukupa faida yake kubwa ukivaa vipande vitano. Seti zinazodondoka kwenye shimo na kwenye maeneo ya wazi huja kwa uzito mmoja tu: Mother's Sorrow ya eneo la Deshaan, kwa mfano, ni kitambaa. Zinazotengenezwa na fundi huja kwa uzito wowote unaotaka. Na zile za viumbe wakubwa, zenye vipande viwili tu vya kofia na mabega, huja kwa uzito wote tatu.

Ukiziweka pamoja unapata ufunguo. Chukua seti ya shimo ya uzito mmoja uivae kwenye kifua, glavu, mkanda, suruali na viatu: vitano hivyo. Seti ya pili iweke kwenye mkufu, pete mbili na silaha. Silaha ya mikono miwili huhesabiwa kama vipande viwili, kwa hiyo mkufu, pete mbili na fimbo moja vinatimiza vitano. Zimebaki kofia na mabega. Hapo weka seti ya kiumbe, kofia ya uzito wa pili na mabega ya uzito wa tatu. Umepata seti mbili kamili, seti ya kiumbe kamili, na aina tatu za deraya, na hujapoteza chochote.

Niliyaona haya kwa macho na rafiki yangu wa Mombasa. Ana Nightblade, alikuwa akiwinda seti ya Kra'gh, ambayo kofia yake hutoka kwenye shimo la Fungal Grotto ya kwanza katika ugumu wa juu, uitwao veteran. Kipande kimoja tu cha Kra'gh kinaongeza nguvu ya kupenya. Mara ya kwanza alipata kofia nzito, akataka kuitupa. "Kaka, mimi ni Nightblade, chuma cha nini?" Nikamwambia atulie, aivae. Mwili wake ulikuwa ngozi tupu, vipande vitano. Kofia ile ikawa chuma chake kimoja. Tulipopata mabega ya kitambaa kutoka kwa watoa kazi wa Undaunted, akawa amekamilika, na mpaka leo kofia ile ameivaa.

Kama kofia na mabega vyote umevipata, na una hiari ya uzito, kilicho kizito kiweke popote kati ya hivyo viwili. Kofia na mabega hubeba ukinzani sawa.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya kazi yako

Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, usiziogope.

Anza na tenki. Ukiwa ngazi ya 50 na kuendelea, kila pointi 660 za ukinzani hupunguza madhara kwa asilimia 1, na mwisho ni 33,000, yaani asilimia 50. Pigo la 20,000 linakukuta na 15,000 ukiwa na ukinzani wa 16,500, na linakukuta na 10,000 ukiwa na 33,000. Kinachozidi 33,000 hakikusaidii. Wako matenki wanaojaza vipande saba vya chuma, sifa ya Reinforced (inayoongeza ukinzani) kila mahali, wakisahau kwamba nguvu ya muda iitwayo Major Resolve pekee inawaongezea 5,948 na Minor Resolve 2,974. Fungua ukurasa wa mhusika wakati umeshajiwekea nguvu hizo, usome namba. Kama umepita 33,000, toa kipande kimoja cha chuma uweke cha ngozi na kingine cha kitambaa; utapata asilimia za Undaunted na hutapoteza ulinzi. Vipande vitano vya chuma bado vinakupa asilimia 10 ya uhai kwa Juggernaut.

Mponyaji kwa kawaida anakaa vizuri kwenye vitano vya kitambaa, kwa sababu adui yake wa kwanza ni Magicka kuisha. Vitano vinapunguza gharama kwa asilimia 10 na kuongeza kurudi kwake kwa asilimia 20. Templar, Warden, Arcanist, yeyote anayeponya, hesabu ni ile ile. Sina mengi ya kuongeza hapo.

Mshambuliaji ndiye mwenye hesabu ndefu. Bosi wa shimo au wa jaribio la kundi kubwa ana ukinzani wa 18,200. Kila pointi ya kupenya unayokosa hapo ni madhara yanayopotea, na kila pointi inayozidi haina kazi. Tenki mzuri, kwa ujuzi kama Pierce Armor, humwekea bosi Major Breach na Minor Breach, ambazo huondoa 5,948 na 2,974. Zinabaki 9,278. Tenki akiwa na uchawi wa Crusher kwenye silaha, huondoa nyingine zaidi. Sasa wewe jaza pengo lililobaki. Vipande vitano vya kitambaa vinatoa 4,695. Seti kama Kra'gh, pointi zako za Champion na silaha vinaongeza juu yake. Ukishafika 18,200, anza kuhamisha vipande kutoka kitambaa kwenda ngozi, kimoja kimoja, maana sasa asilimia za Agility na Dexterity zina faida kuliko kupenya ukuta ambao umeshabomoka.

Ukiwa peke yako porini mambo ni tofauti. Maadui wa kawaida huko wana kama 9,100. Ukitumia ujuzi mmoja wenye Major Breach, zimebaki 3,152, na vipande vinne vya kitambaa vinatoa 3,756. Cha tano kinamwagika bure. Kwa hiyo mchezaji yule yule, klasi ile ile, anafaa kuwa na mavazi mawili: la shimo na la porini.

Ukipenda vita vya wachezaji kwa wachezaji kule Cyrodiil, hesabu nyingine inaanza. Adui zako hawatangazi mapigo yao kama bosi, na kritiko zao ndizo zinazoua. Sifa ya Impenetrable hupunguza makali ya kritiko, na watu wengi wa klasi zote huko huvaa chuma. Hiyo ni mada nyingine.

Hatua ya 5: Tia pingi yako kwenye hesabu

Hili nalisema kwa ajili yetu tunaocheza kutoka Afrika Mashariki, na sijaliona likizingatiwa kwenye miongozo ya wenzetu. Seva ya Ulaya iko Frankfurt. Kutoka kwangu Dar es Salaam, saa za jioni, pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, husoma kati ya milisekunde 170 na 220. Maana yake ni kwamba ninapobonyeza kujiviringisha, seva inasikia baada ya pigo kushuka, na skrini yangu inaonyesha nimekwepa huku uhai ukishuka. Mchezaji wa Ujerumani mwenye pingi ya 20 akikwambia "vaa ngozi saba, kwepa tu", anasema kweli kwake. Kwako si kweli.

Mimi nashauri mgeni wa kwetu aanze na chuma kwenye vipande viwili vikubwa, kifua na suruali, hata kama ni mshambuliaji, na avipunguze anapozijua shimo. Utapoteza madhara kidogo. Ila mtu aliyelala chini hatoi madhara yoyote, na anayekuja kumwinua naye ameacha kupiga.

Kuna njia ya pili, na kwa kweli naipenda sana. Uwanda wa juu wa mchezo huu unataka upishanishe pigo jepesi na ujuzi kila sekunde, na ubadili silaha kati ya safu mbili za vitufe vya ujuzi. Pingi kubwa inaua mpangilio huo. Mwaka 2022, pamoja na nyongeza ya mchezo iitwayo High Isle, ilikuja pete iitwayo Oakensoul Ring: inakubakishia safu moja tu ya ujuzi, na badala yake inakupa nguvu nyingi za kudumu. Ukiiunganisha na seti zinazokuza pigo zito, kama Sergeant's Mail ya shimo la Wayrest Sewers, ambayo ni chuma, unashika kitufe kimoja, fimbo ya umeme inamwaga radi, na kuchelewa kwa mtandao hakukuathiri sana. Unakuwa mshambuliaji aliyevaa vipande vitano vya chuma, ana uhai wa kutosha, na bado anafaa shimoni. Dada mmoja wa kundi letu anacheza kutoka Muscat kwa intaneti ya simu, ana Sorcerer wa aina hiyo, na sijui shimo ambalo tumeogopa kumchukua. Kwa mchezo mwingine wenye klasi zilizofungwa, asingepata nafasi hiyo.

Hatua ya 6: Sifa na uchawi, kwa kipimo

Kofia, kifua na suruali ni vipande vikubwa: uchawi unaouweka hapo unatoa namba kamili. Mabega, glavu, mkanda na viatu hutoa kama asilimia 40 tu ya hiyo. Basi sifa ya Infused, inayokuza uchawi, iweke kwenye vikubwa na usiipoteze kwenye mkanda. Mshambuliaji hutumia Divines kila mahali, kwa sababu inakuza nyongeza ya kudumu anayopewa na jiwe la Mundus alilochagua. Tenki anayekinga sana hutumia Sturdy, mponyaji Divines au Infused.

Ukipata kipande chenye sifa mbaya usikitupe. Kwanza kifunge kwa mhusika wako ili kiingie kwenye mkusanyiko wa seti, ule uliokuja Novemba 2020. Baadaye unaweza kukiunda upya kwenye kituo cha kugeuza, ukichagua sifa unayotaka, kwa kutumia fuwele. Kadiri unavyokusanya vipande vingi vya seti hiyo, ndivyo fuwele zinazotakiwa zinavyopungua. Angalia jambo moja: unachagua sifa upya, lakini uzito ni ule uliokusanya. Kofia ya Kra'gh ya chuma haigeuki kuwa ya kitambaa. Ya kitambaa lazima nayo uipate.

Kuhusu rangi za ubora, zambarau, iliyo chini ya dhahabu, inatosha kwenye deraya kwa muda mrefu. Malighafi za kupandishia hadi dhahabu, Dreugh Wax ya washonaji na Tempering Alloy ya wahunzi, zina bei, na unahitaji 8 kwa kipande hata ukiwa na ujuzi wote wa ufundi. Anza na silaha kuzipandisha dhahabu. Tofauti yake unaiona papo hapo. Deraya ifuate ukiwa umehakikisha kwamba hutaibadili.

Na sura isikupe shida. Tangu Februari 2018 kuna meza ya mavazi, unaweza kuvaa kitambaa na ukaonekana umejifunika chuma kutwa nzima. Usichague uzito kwa sababu ya kofia nzuri.

Hatua ya 7: Jaribu, soma kifo chako, kisha hifadhi

Chumba cha kwanza cha nyumba ya wageni hupewa kila mtu bure kwa kazi iitwayo Room to Spare. Weka humo sanamu ya mazoezi, au omba kuingia kwenye nyumba ya chama chako. Vyama vingi vinazo. Piga mara tatu na mavazi ya sasa, chukua wastani. Badili kipande kimoja, piga tena mara tatu. Kimoja tu. Ukibadili vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuponza.

Sanamu haikupigi, kwa hiyo upande wa pili wa jaribio ni shimoni. Ukifa, mchezo unakuonyesha orodha ya mapigo yaliyokuangusha. Usibonyeze haraka kufufuka, isome. Siku ile na rafiki yangu mbele ya Kra'gh, alikufa mara nne, akawa ameshaamini kwamba ngozi haimfai na anataka kuvaa chuma kitupu. Nikamwomba anisomee orodha. Mara tatu kati ya nne pigo la mwisho lilikuwa pigo zito ambalo hakulikinga. Kwa kifo cha namna hiyo hakuna deraya itakayokuokoa: ukiona adui amejivuta nyuma na kung'aa, kinga. Mara ya nne alikuwa ameuawa na mapigo madogo saba yaliyofuatana, uhai ukichakaa polepole. Hicho ndicho kifo cha deraya. Tulimwongezea suruali ya chuma, na kukinga akajifunza usiku huo huo.

Ukishapata mpangilio unaoridhika nao, tumia kituo cha Armory, kilicholetwa Novemba 2021. Kila mhusika ana nafasi mbili za bure za kuhifadhi mavazi, ujuzi na pointi zake zote. Mimi ya kwanza nimeiweka kwa shimo, ya pili kwa porini. Vipande unavyovibadilisha viweke kwenye mfuko au benki. Vitie alama ya kufuli pia, usije ukaviuza pamoja na takataka.

Kabla ya kuingia na kundi, tazama kidogo upande wa uchakavu. Kila kifo kinakula deraya yako, nyepesi kwa nzito, na kipande kilichofika sifuri hakikulindi tena hata kama kinaonekana kizima mwilini. Beba vifaa vya kukarabati vichache, au pita kwa mfanyabiashara yeyote ulipe dhahabu kabla milango haijafunguka.